Tiketi ya Wiki ya Kwanza

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja,

Mmekuwa mkiniuliza kwa nini filamu zetu hazivumi huku Marekani. Nimeona niwajibu kwa barua, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko mikononi mwenu.

Mjini Washington, mtaa wa Georgia Avenue, mkabala na Chuo Kikuu cha Howard, kuna duka la vitabu lenye mkahawa ndani yake, linaitwa Sankofa. Wenyewe ni Haile Gerima, mwongozaji filamu aliyezaliwa Gondar, Ethiopia, na mkewe Shirikiana Aina, naye mtengenezaji filamu. Duka limepewa jina la filamu yao ya mwaka 1993. Kama hamjaiona, itafuteni. Mwanamitindo mweusi wa Marekani, Mona, anapigwa picha za mapozi kwenye ngome ya Cape Coast, Ghana, walikofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa merikebuni. Anateremka kwenye mashimo ya chini, na gizani anawakuta watu wa kale wamefungwa minyororo, wanamtazama. Anakimbilia mlangoni, wafanyabiashara wa watumwa wanamdaka. Analia akiwaapia kwamba yeye si Mwafrika, lakini wanambandika chapa ya moto mgongoni. Kuanzia hapo anaitwa Shola, mtumwa wa shamba la miwa. Nilipoiona mara ya kwanza sikuweza kuinuka kitini.

Filamu hiyo ilishindanishwa Berlin, lakini hapa Marekani wasambazaji waliikataa. Gerima na wenzake wakakodi ukumbi wa sinema wenyewe, hapo hapo Washington. Watu weusi wa mji wakaja, wakarudi na jamaa zao, wiki hata wiki. Habari ikafika miji mingine, nako watu wakajipanga, wakakodi kumbi, wakaiita filamu kwao. Hakukuwa na matangazo ya televisheni. Ziliibeba tiketi za watu wa kawaida. Mwaka 2021, kampuni ya ARRAY ya Ava DuVernay, mwongozaji mweusi wa Marekani, iliitoa upya ikiwa imesafishwa, na ikaingia Netflix. Imeishi miaka yote hiyo kwa sababu wenyewe hawakuiachia.

Sasa tuzungumze ya nyumbani. Mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, viwanja vya Leaders Club alikoagwa vilifurika watu, wengine wakazimia kwa kilio. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, wala siyatilii shaka. Lakini katika umati ule, wangapi walikuwa wamezitazama filamu zake kwa nakala za kuchoma, au kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, ambacho hakikumlipa hata shilingi? Na huko Kariakoo, watayarishaji wengi walikuwa wakiwauzia wasambazaji filamu kwa mkupuo, na haki zake zote zikiondoka na pesa ile ile. Filamu inarushwa miaka kumi, aliyeitengeneza hana lake. Jambo hili linaniuma kuliko wizi wa nakala, maana hapa mtu anasaini mwenyewe, kwa njaa.

Lakini kukataa kunawezekana. Mwandishi na mwigizaji Michaela Coel, binti wa Kighana aliyezaliwa London, aliwekewa mezani na Netflix dola milioni 1 kwa tamthilia yake. Akaomba abaki na sehemu ndogo tu ya hakimiliki. Wakakataa, naye akaziacha pesa. BBC ikampa alichotaka, tamthilia ikatoka mwaka 2020, na mwaka uliofuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Emmy ya uandishi katika kundi la tamthilia fupi. Vijana wetu watathubutu kukataa mkataba mbovu siku watakapojua kwamba nyuma yao wapo watazamaji wanaolipa.

Na kazi tunazo. Mwaka huo huo wa 2021, Seko Shamte aliongoza Binti, hadithi ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix. Nyuma yake walikuwepo ndugu wawili, Angela na Alinda Ruhinda. Tulipoitazama huku, kina mama wa Kitanzania walibishana mpaka usiku, kila mmoja akimtetea mhusika wake. Kubishana ruksa. Filamu mbovu isemeni kuwa ni mbovu, waandishi wake wajirekebishe. Ila semeni mkiwa mmeilipia.

Kwa hiyo nawaomba. Filamu ya kwetu ikiingia ukumbini, nendeni wiki ya kwanza, kwa sababu wenye kumbi huangalia siku hizo kuamua kama iendelee au itolewe. Mkitumiwa nakala ya wizi kwenye Telegram, msiisambaze. Wewe mwenye binamu anayeandika filamu, mtafutie wakili ausome mkataba kabla hajatia saini. Sisi huku tutakodi ukumbi na kuuza tiketi, kama walivyofanya wenzetu wa Georgia Avenue. Tuleteeni filamu.

Ndimi ndugu yenu,
Maryland, Marekani