Baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo: Safari ya mgonjwa wa Ufipa haiishii Mbeya

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Kwa mwananchi wa Nkasi, Kalambo au Sumbawanga anayegundulika kuwa na saratani ya tumbo, tiba humpeleka mbali na nyumbani. Kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kwa barabara ya Tunduma, ni takriban kilometa 330. Hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100. Ndugu huchanga, mahindi huuzwa, na mgonjwa anaporejea na kovu tumboni familia humshukuru Mungu na kuona kwamba shughuli imekwisha. Kitabibu, sehemu ya pili ya tiba ndiyo kwanza inaanza.

Mtu aliyeondolewa mfuko wa chakula, wote au sehemu yake, hukosa ghala la kuhifadhi mlo. Chakula huteremka upesi kwenye utumbo mwembamba, na ndani ya nusu saa huweza kupata tumbo la kukata, jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Wengine hupatwa na hali hiyo saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya mwili inaposhuka. Nyumbani dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria, ugonjwa wa moyo, hata kurogwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba upendo wa familia huweza kuzidisha tatizo. Mgonjwa hupewa uji wa ulezi uliokolezwa sukari, chai tamu na soda ili “apate nguvu”, navyo ndivyo vinavyoteremka kwa kasi zaidi. Ushauri wa wataalamu ni milo midogo mitano au sita kwa siku, kutafuna taratibu, kupunguza sukari, na kunywa maji nusu saa kabla au baada ya kula. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, mayai na maharage yaliyoiva vizuri humfaa kuliko sahani kubwa ya ugali mara moja kwa siku.

Lipo jingine linalojificha kwa muda mrefu. Tumbo ndilo linalotoa kiini kinachouwezesha mwili kufyonza vitamini B12. Mfuko wote ukiondolewa, akiba iliyo kwenye ini huendelea kutumika kwa miaka kadhaa, kisha huisha. Mkulima aliyekwisha kurudi shambani huanza kuhisi ganzi miguuni, uchovu na upungufu wa damu, wala haunganishi hali hiyo na upasuaji wa zamani. Mishipa ya fahamu ikiharibika, huenda isirudi kama awali. Kinga yake ni sindano ya vitamini hiyo kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, kwa maisha yote. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kuichoma hakuhitaji daktari bingwa.

Miadi ya uchunguzi nayo haikwepeki. Saratani inaporudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo, ndiyo maana mgonjwa huitwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika kipindi hicho.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalenga kumpunguzia mwananchi mzigo wa gharama za matibabu. Nauli ya basi ya mgonjwa na msindikizaji, pamoja na malazi, ni mzigo mwingine, na huenda ndio unaowafanya wengi kuacha miadi. Kwa hiyo yanayowezekana kufanyika karibu yafanyike karibu: sindano, kupima uzito na wingi wa damu viwe kazi ya kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na safari ya Mbeya ibaki kwa vipimo vinavyohitaji bingwa.

Hilo linahitaji karatasi. Kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa aombe muhtasari wa maandishi unaoeleza ni sehemu gani ya tumbo iliyoondolewa, sindano inaanza lini na miadi ijayo ni tarehe ngapi, kisha aupeleke kwa mganga wa zahanati ya kijijini kwake wiki hiyo hiyo anayofika.