MKONO MTUPU HAULAMBWI: MAFUNZO YA SAYANSI KWA WAALIMU

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme na wanachama wenzangu, hasa makarani, juu ya jambo ambalo wengi hudhani halituhusu. Nalo ni mafunzo ya siku chache wanayopewa waalimu wa sayansi wakati wa likizo, yaitwayo mafunzo ya vitendo. Mimi nasema mengi ya mafunzo hayo si ya vitendo hata kidogo, bali ni ya kusikiliza. Tena lawama si ya waalimu peke yao, wala si ya wakubwa peke yao. Sisi tushikao kalamu tunalo fungu letu.

Zamani kidogo, katika ofisi moja, nilichapa makadirio ya mafunzo ya namna hiyo. Kasma zake zilikuwa hizi: ukumbi, chakula na chai, mafuta ya gari, posho, karatasi na kalamu, na mwisho kabisa vifaa vya majaribio. Fedha zilipoonekana hazitoshi, wino ulipita juu ya kasma moja tu, wala sina haja ya kuwaambia ni ipi. Nami nikachapa upya, nikatia karatasi katika jalada, nikaenda zangu kula. Baadaye nilimwuliza shemeji yangu, mwalimu aliyehudhuria, "Shemeji, umerudi na nini?" Akanijibu, "Daftari, kalamu na cheti." Darasani mwake walikuwa wakimngoja watoto zaidi ya 80. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Je, watoto hao walambe cheti?

Wako watakaosema, "Sayansi yataka maabara, na maabara hatuna." Neno hili lina ukweli wake. Hapana awezaye kupima asidi kwa usahihi bila bureti, wala si halali kumpa mtoto dawa kali bila ulinzi. Walakini wengi hulifanya neno hilo kuwa mto wa kulalia. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, shule nyingi za Ulaya zilibaki magofu. UNESCO ikatoa mwaka 1948 kitabu cha mashauri kwa waalimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa, nacho kikakuzwa mwaka 1956 kuwa kitabu kikubwa cha majaribio yatumiayo vitu vya kawaida. Ikiwa waliopoteza kila kitu walianza na chupa na waya, sisi twangoja nini?

Tazameni mambo madogo. Chukua uzi wa mita 1, funga jiwe, lining'inize, kisha lisukume kidogo. Mizunguko 10 ya kwenda na kurudi itachukua sekunde 20 hivi. Funga jiwe zito zaidi, urefu ule ule: bado ni 20. Fupisha uzi uwe sentimita 25: sasa ni 10 tu. Waulize kwanza waalimu wenyewe kama uzito wa jiwe utabadili hesabu, nao watabishana sana. Ubishi ule, na kimya kinachofuata saa inapotoa hukumu, ndiyo sayansi yenyewe. Au chovya karatasi katika maji ya manjano yale ya jikoni, uikaushe, kisha uidondoshee maji ya majivu: itageuka nyekundu ya kahawia. Idondoshee ndimu, nayo itarudi njano. Haya yote hayafikii bei ya sahani moja ya wali katika ukumbi wa mafunzo.

Wala msidhani ni michezo ya watoto. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alitia maziwa ya moto katika friji ili kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye Osborne hakucheka, bali alirudi kulijaribu jambo lile. Mwaka 1969 waliandika pamoja habari yake, na wataalamu wa dunia wanaibishania hadi leo. Kijana yule aliona kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Na yule aliyemwambia kwamba amechanganyikiwa alijibu kwa kitabu, maana ndivyo alivyofundishwa mwenyewe.

Nami sisemi kama mgeni wa mambo haya. Nilisoma sekondari ya misheni, na waalimu wangu nawashukuru kwa bidii yao. Lakini kemia niliisoma ubaoni. Nilijua kuchora bureti kabla sijapata kuiona hata moja. Wakati ule palikuwa na mtihani wa mbadala wa vitendo, ukatuuliza habari za majaribio tusiyoyafanya. Tukajibu kama mtu asimuliaye mji ambao hajapata kuufika, tukafaulu. Baadhi ya wenzangu wa darasa lile leo ni waalimu wa kemia. Watawapa watoto kitu gani ambacho wao hawakupewa?

Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mpango wa SMASSE wa kuwaimarisha waalimu wa sekondari katika hisabati na sayansi. Kanuni yake ilikuwa shughuli, mwanafunzi, jaribio, na kubuni vifaa kwa vitu vilivyopo. Na mwalimu apange, atende, atazame, arekebishe. Sisemi haukuwa na kasoro, maana elimu ishukayo toka mkufunzi wa taifa hadi wa wilaya hadi mwalimu hupungua njiani kama maji katika kata itobokayo. Lakini kanuni ni njema, nayo haikatazwi kuvuka mpaka.

Wengine watasema nawaonea wivu waalimu kwa posho yao. La, hasha! Mwalimu aliyesafiri lazima ale na alale, na mtumishi asiyetetea posho ya mwenzake hafai kuwa mwanachama. Ninalokataa ni kumlipa mtu aje, kisha kumnyima kile alichoitiwa.

Basi nashauri Chama chetu kikubali mambo matatu. Kwanza, karani yeyote anayeandaa makadirio ya mafunzo ya sayansi aandike kasma ya vifaa juu kabisa, na ikikatwa, amkumbushe mkubwa wake kwa adabu na kwa maandishi. Pili, kila mwalimu arudi na sanduku la vifaa alivyovitengeneza kwa mikono yake. Tatu, masurufu ya mafunzo yanaporejeshwa, pamoja na orodha ya sahihi za posho iwepo orodha ya majaribio yaliyofanywa na kila mwalimu.

Ndugu zangu, kalamu iliyofuta kasma ile ilikuwa ya mkubwa, lakini aliyechapa upya na kunyamaza ni mimi. Sitanyamaza mara ya pili.

Ni mimi,
Karani mwenzenu.