Dawa ya mkoloni katika nchi ya majani chai

Ukisafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu, ukipita Kericho utayaona majani chai yamekatwa sawasawa kama zulia, mlima baada ya mlima. Jina la mji huo lina kesi ambayo haijaamuliwa. Wako wanaosema ni la kiongozi wa Kimaasai, Ole Kericho, aliyeuawa vitani. Wengine hukataa katakata. Hao hudai limetokana na neno la Kikipsigis, kerichek, yaani dawa, na hata hutaja mganga aliyeitwa Kipkerich. Mimi siingilii, maana wazee wa huko wana ndimi kali. Lakini hebu leo tuwafuate hao wa pili, tuulize: katika mji unaosemekana kubeba jina la dawa, mkoloni alipokuja na dawa yake, alimpa nani?

Kabla yake, Wakipsigis walikuwa na watu wao wa kushughulikia maradhi na mikosi, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Kulikuwa na chepkerichot, mama aliyejua mizizi na magome ya miti. Kulikuwa na mpiga ramli, aliyetafuta chanzo cha balaa. Juu yao alikuwapo orkoiyot, wa ukoo wa Talai, aliyebariki wapiganaji, akatabiri na kuombwa mvua. Kisha kulikuwa na mchawi, ponindet, ambaye hakupendwa na mtu. Mtoto akishikwa na tumbo usiku, mama alijua ni mlango upi wa kubisha. Sisemi kwamba mizizi iliponya kila kitu. Ndui haikuogopa mizizi. Nasema tu kwamba watu hao hawakuwa kitu kimoja, na wenyeji hawakuwachanganya.

Mkoloni aliwachanganya. Sheria yake ya Uchawi ya mwaka 1925 ilihusu mtu anayejidai kujua uchawi au hirizi na kuwashauri wengine namna ya kudhuru, na pia ilikataza kuwa na hirizi zenyewe. Sasa jiulize, bwana shauri aliyetoka Uingereza juzi, akikuta kibuyu na mfupa ndani ya nyumba, angejuaje kama ni dawa ya kikohozi au ni ya kumroga jirani? Ilimbidi amtegemee mkalimani, na mkalimani naye ana maadui zake kijijini.

Kwa Talai, hata hivyo, tatizo halikuwa vibuyu. Mkoloni aliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi mwaka 1905 na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, alipokuja kwenye kile kilichoitwa mkutano wa amani. Kaka yake, Kipchomber arap Koilegen, ndiye aliyekuwa orkoiyot kwa Wakipsigis. Mwaka 1914 alihamishwa kwa nguvu hadi Fort Hall, mahali tunapopaita Murang'a leo, akafia huko.

Miaka 20 baadaye serikali iliona kumwondoa mmoja mmoja hakutoshi. Ilidai kwamba Talai ndio waliokuwa nyuma ya wizi wa ng'ombe na ukaidi. Mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwahamisha Malaibon. Angalia neno hilo, msomaji. Laibon ni la Kimaasai. Watu walifukuzwa makwao kwa sheria ambayo hata jina lao haikulijua! Ukoo mzima, watu wapatao 700, wazee na watoto wachanga wakiwemo, ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni la Kaunti ya Homa Bay.

Kwa nini Gwassi? Mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Kericho, futi 6,000 na zaidi juu ya bahari, amekua bila kuzoea malaria. Ukimshusha kando ya ziwa unampeleka kwa mbu akiwa hana kinga mwilini. Karibu na huko kuna bonde la Lambwe, lililojulikana kwa mbung'o, na mbung'o huleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Mfugaji akifiwa na ng'ombe amepoteza maziwa, mahari na heshima kwa pamoja. Walikaa huko hadi mwaka 1962.

Turudi Kericho. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeanza kupanda majani chai huko katikati ya miaka ya 1920. Malaria ilikuwa imewatangulia. Inasimuliwa kwamba ilipanda mlima na askari waliorudi kutoka vita vya Tanganyika, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Baadaye wafanyakazi kutoka tambarare za Nyanza walikuja na kwenda, na vimelea vikasafiri pamoja nao. Milipuko ikafuatana hadi miaka ya 1940, na mwaka 1945 daktari wa serikali, P.C.C. Garnham, aliandika juu ya malaria kuua watu katika miinuko ambako haikutarajiwa kabisa.

Mfanyakazi mgonjwa hachumi jani, na kampuni zilijua kuhesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wafanyakazi walianza kupewa vidonge vya Paludrine ili kuzuia homa, na milipuko mikubwa ikatulia kwa muda mrefu. Haya ni mafanikio, na mimi sioni haya kuyasifu. Ila vidonge vilifuata kazi. Aliyekuwa na namba ya kampuni alivipata. Huko Bomet waliotoa huduma walikuwa wamishenari: Tenwek ilianza kama zahanati mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Mmarekani Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Fikiria hiyo miaka 22 katikati.

Jambo moja litawapendeza wanafunzi. Hospitali ya mashamba ya majani chai ya Kericho iliweka hesabu ya waliolazwa kwa malaria mwezi kwa mwezi tangu miaka ya 1960. Homa iliporudi kwa kishindo katika miaka ya 1980 na 1990, klorokwini ikiwa imeshindwa nguvu, wanasayansi wa dunia waligombania vitabu hivyo. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walisema hali ya hewa haikubadilika vya kutosha kuwa sababu. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakajibu kwamba joto limeongezeka kweli na lina mkono wake.

Homa za Gwassi hazimo katika vitabu hivyo. Zimo katika vinywa vya waliozaliwa huko na wajukuu wao. Wengi wao walirudi nyanda za juu wakakuta ardhi ina wenyewe. Mwezi Agosti mwaka 2022, Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg.