Ghala Si Darasa

Mgeni akifika katika chuo cha ualimu siku hizi, hapelekwi tena maktaba wala shamba la chuo. Hupelekwa chumba cha kompyuta, akaonyeshwa mfumo wa kufundishia kwa njia ya mtandao, na kuambiwa kwamba masomo yote sasa yamo humo. Mgeni huridhika, akasaini kitabu, akaenda zake. Mimi nimezeekea katika kazi hii ya ualimu, na kwa hiyo naomba ruhusa ya kuuliza swali ambalo wageni hawaulizi: masomo yamo humo, sawa; je, mwalimu naye yumo?

Nieleweke mapema, ndugu msomaji. Mimi siupingi mtandao. Wako wazee wenzangu wanaosema kwamba chaki na ubao viliwatosha wao, basi viwatoshe na wajukuu. Hoja hiyo ni ya uvivu, na mzee akiwa mvivu wa kufikiri hana haki ya kumlaumu kijana. Ninachokipinga ni tabia ya kuugeuza mfumo huo kuwa ghala la notisi, kisha tukasimama mlangoni na kuliita ghala hilo darasa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipostaafu ukuu wa shule, chuo kimoja kiliniomba nisaidie kufundisha somo la mbinu za kufundishia. Mwaka 2020 vyuo vyetu vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, vikafunguliwa tena mwezi Juni. Baada ya hapo wakufunzi tulihimizwa kuweka masomo yetu kwenye mfumo. Nilitoa notisi zangu za miaka mingi, kijana mmoja wa ofisini akazipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuzipakia. Mfumo ulionyesha kwamba karibu wanachuo wote wamezifungua. Nilijivuna. Nikajiona nimefundisha.

Mwisho wa muhula nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Binti mmoja alikuwa anafundisha sehemu katika darasa la nne. Alifuata andalio lake la somo hatua kwa hatua, na watoto waliitikia kwa pamoja vizuri sana. Lakini alipowauliza ipi ni kubwa kati ya 1/4 na 1/8, wengi walichagua 1/8, maana nane ni kubwa kuliko nne. Binti alisimama kidogo, akafuta ubao, akaanza upya kwa maneno yale yale. Watoto wakakosea tena vile vile.

Baada ya kipindi nilimwita chini ya mwembe, nikamwuliza kwa ukali kidogo, "Mwanangu, hukusoma nilivyoandika kuhusu kuanzia kwenye kosa la mtoto?"

Alijibu kwa upole, "Nilisoma, Mwalimu, lakini sikuelewa. Niliuliza kule kwenye ukumbi wa majadiliano, wiki ile ya tatu."

Jioni ile nilifungua mfumo. Swali lake lilikuwapo: mtoto akikosea, nitajuaje kama hajui kabisa, au kama anajua kitu kingine kinachompotosha? Lilikuwa swali zuri kuliko notisi zangu zote. Chini yake hapakuwa na jibu. Lilikuwa limekaa hapo wiki 11. Katika shule niliyoiongoza, mtoto angenyoosha mkono wiki 11 na mwalimu akampita, mwalimu huyo ningemwita ofisini siku hiyo hiyo.

Tena mimi sikuwa na udhuru, kwa sababu jambo hili nilifundishwa zamani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wapate elimu ya msingi, na walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana kwa makumi ya maelfu wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na kufundisha kwa vitendo shuleni. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikapewa wawili wa kuwalea. Redio ilisema na nchi nzima, lakini haikuweza kumsikia hata mmoja wao. Kwa sababu hiyo aliwekwa mtu wa kukaa nao mchana, kusahihisha mazoezi yao na kuwaonyesha walipoteleza. Watu husema walimu wa UPE walifundishwa na redio. Wale ninaowajua mimi walifundishwa na mtu, redio ikisaidia.

Ajabu ni kwamba hata aliyeuanzisha mfumo unaotumika katika vyuo vingi, uitwao Moodle, alilijua jambo hili. Martin Dougiamas wa Australia, ambaye toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002, aliishi utotoni katika jangwa la Australia ya Magharibi, akasoma kwa simu ya upepo. Redio ya namna hiyo mtoto husikiliza, naye husikilizwa. Ndiyo maana ndani ya Moodle mna ukumbi wa majadiliano, mahali pa kukusanyia kazi na kuirudisha na maoni ya mwalimu, na majaribio yanayoweza kumweleza mwanachuo kwa nini jibu lake si sahihi. Sisi tumeacha vyote hivyo, tukachagua rafu ya kuwekea faili.

Najua nitajibiwa kwamba mkufunzi mwenye wanachuo 200 hawezi kumjibu kila mmoja. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari ninayoiogopa. Tayari nimesikia ikisemwa vikaoni kwamba kwa kuwa masomo yamo mtandaoni, mkufunzi mmoja anatosha pale palipokuwa na watatu. Huo si ufundi mpya, ni ubahili uliovikwa suti. Kama mfumo unapunguza kazi ya kuandika ubaoni, basi muda uliookolewa ni wa mwanachuo, aupate kwa kusomewa kazi yake na kujibiwa. Tukiuchukua muda huo kwa kumpunguzia walimu, tumemwibia.

Hata hao 200 wanaweza kuhudumiwa mkufunzi akitaka. Maswali yao mengi hufanana; jibu moja lililoandikwa vizuri huwafaa wote. Wanachuo nao hujibizana, mkufunzi akirekebisha. Aidha, tuandike notisi kwa maandishi badala ya kuzipiga picha, kwani picha ni nzito na mwanachuo huilipia kwa bando lake. Programu ya Moodle ya simu inamwezesha kushusha somo pale penye mtandao na kulisoma baadaye pasipo mtandao. Na mkuu wa chuo asiulize tena ni faili ngapi zimepakiwa. Aulize ni maswali mangapi hayajajibiwa, na tangu lini.

Hili lingekuwa jambo dogo katika chuo cha ufundi wa saa. Lakini sisi tunafundisha walimu, na mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa. Tukimzoesha kwamba kufundisha ni kuweka maneno mahali na kuondoka, atakwenda kuyaweka maneno ubaoni na kuondoka, akiwa amesimama palepale mbele ya watoto 80.

Yule binti nilimjibu usiku ule, nikamwomba radhi hadharani, mbele ya wenzake wote. Alinishukuru. Lakini watoto wale wa darasa la nne walikuwa wamekwisha kufunga shule, na sijui ni nani aliyewaambia baadaye kwamba 1/4 ni kubwa kuliko 1/8. Tangu hapo, kabla sijalala, hufungua ule ukumbi kwanza. Faili hungoja, mtu aliyeuliza asingoje.