Katindo Inahitaji Penisilini Kwanza

Anayeandika kwamba klipu ya vali ya mitrali sasa ni tiba ya kila moyo uliodhoofika, na kwamba Goma nayo iikimbilie, amesoma nusu ya ushahidi.

Klipu hiyo hupitishwa kwa katheta kutoka mshipa wa paja hadi moyoni, ikabana pamoja vifuniko vya vali inayovuja. Mwaka 2018 utafiti wa COAPT, wenye wagonjwa 614, ulionyesha vifo vya miaka miwili asilimia 29 kwa waliowekewa klipu, dhidi ya 46 kwa waliotumia dawa peke yake. Mwaka huohuo MITRA-FR ya Ufaransa haikuona nafuu. COAPT ilikuwa imechuja wagonjwa kwa ukali zaidi na kuwapangia dawa kikamilifu kwanza. Klipu humfaa mgonjwa aliyechaguliwa, si yeyote.

Tena wagonjwa wa tafiti hizo vali zao ni nzima; moyo ndio uliotanuka. Kwa mtoto wa Katindo, mtaa wa Goma, ni kinyume, maana vali yenyewe ndiyo huharibika kwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki: huanza na maumivu ya koo, akasukutua tu kwa maji ya chumvi, kisha viungo vikavimba. Miaka ikipita, vali hukakamaa kwa makovu, na kuibana kwa klipu kunaweza kuzidi kuiziba.

Kinga ipo: sindano ya penisilini kila wiki 4. Katika utafiti wa Uganda uliochapishwa 2021, watoto 818 wenye ugonjwa huo katika hatua ya awali iliyofichika walifuatiliwa miaka miwili. Ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na 8.2 ya wasiochomwa.

Klipu isubiri, sindano isikosekane.