Uganda Hawakutufunga

Siku hizi ukitaja Harambee Starlets kwenye kibanda cha chai, lazima mtu aseme, "Si wamerudi baada ya miaka kumi!" Kweli. Walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza 2016 kule Cameroon, wakafuzu tena Oktoba 2025 kwa kuilaza Gambia jumla ya mabao 4-1. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini hiyo "miaka kumi" inanikera. Ni kama wasichana walikuwa wamelala.

Hawakuwa wamelala. Oktoba 2021 waliichapa Sudan Kusini jumla ya mabao 15-1 katika raundi ya kwanza ya kufuzu. Ilibaki Uganda tu, mechi mbili, Februari 2022. Hazikuchezwa. Novemba serikali ilikuwa imevunja uongozi wa FKF kwa tuhuma za matumizi mabaya ya pesa na kuweka kamati ya muda. Ofisi zikavutana, na kabla filimbi hata moja kupulizwa, Kenya ikawa nje. Uganda wakapita bila jasho. Mwisho wa Februari FIFA ikatufungia kabisa, hadi Novemba.

Sasa angalia kilichopotea. Fainali za Morocco za Julai 2022 ndizo zilizokuwa mlango wa Kombe la Dunia 2023: timu nne za nusu fainali zilipata tiketi moja kwa moja. Zambia walipitia hapo, mara yao ya kwanza. Sisemi nasi tungefika. Nasema hakuna atakayejua, na hiyo ndiyo dhuluma yenyewe.

Hii hali naijua. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na watu hudhani nilifeli. Sikufeli somo hata moja. Nilifika mlangoni pa chumba cha mtihani, jina langu halikuwa kwenye orodha kwa sababu ya deni la karo. Msimamizi akaniambia, "Pole mwanangu, jaribu ofisini." Ofisini wakanituma ofisi nyingine. Mpaka leo shangazi yangu huniuliza, "Kwani masomo yalikushinda?" Kushindwa naweza kukubali. Kufutwa, kisha niambiwe nilishindwa, hapana.

Utasema ufisadi ulipaswa kukomeshwa. Sawa, ukomeshwe, na aliyekula pesa ashtakiwe. Lakini katika mvutano ule wote, nani aliuliza mechi ya Uganda ni lini? Tunapenda sana ile methali ya fahali wawili na nyasi. Mimi nimechoka nayo, kwa sababu inafanya uamuzi wa watu uonekane kama mvua au jua. Fahali hawa walikuwa na ofisi, madereva na kalenda ukutani.

Utasema pia wanaume waliumia. Ni kweli, Harambee Stars walikosa mechi za kufuzu AFCON 2023. Lakini njia ya wanawake ilikuwa raundi mbili tu. Ukikosa mechi mbili, umekosa fainali, umekosa na nafasi ya Kombe la Dunia. Mchezaji aliyekuwa na miaka 29 wakati ule hawezi kuambiwa asubiri zamu nyingine. Magoti hayasubiri kamati.

Desemba 2023 Botswana walitutoa kwa jumla ya mabao 2-1. Iliuma vibaya. Lakini tulicheza, tukafungwa, tukalala na uchungu wetu. Hiyo ni haki ya mchezaji: kushindwa na mpinzani aliye mbele yake, si na barua ambayo hajawahi kuiona.

Kwa hivyo kabla viongozi hawajapanga foleni kupiga picha na timu kwenye uwanja wa ndege, wawaite wachezaji wa 2022. Wawaite mmoja mmoja kwa jina, hata wale waliostaafu na kurudi kijijini, wawaombe msamaha hadharani. Haitarudisha mechi, lakini itarekebisha rekodi.

Na wewe unayesoma, ukisimulia historia ya timu hii, hata kwa posti moja ya utani, usiseme 2022 tulitolewa na Uganda. Uganda hawakutufunga hata bao moja. Waliotufunga hawakuvaa hata viatu vya mpira.