Maktaba Iazimishe na Tiketi

Barua ya wazi

Kwa: Serikali ya Kaunti ya Mombasa
Nakala: Huduma za Maktaba ya Kitaifa Kenya (KNLS), Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), Makavazi ya Kitaifa ya Kenya

KUH: PASI ZA BURE ZA MBUGA NA MAKAVAZI KWA WENYE KADI YA MAKTABA

Waheshimiwa,

Jumamosi jioni ufuo wa Pirates kule Bamburi hujaa watoto wa Kisauni. Wanaogelea, wanacheza mpira mchangani, na mwenye shilingi zake ananunua viazi karai. Mbele yao, mwendo mfupi kwa mashua, yako matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Mchanga ni wa bure. Matumbawe yana tiketi, na juu ya tiketi kuna malipo ya mashua. Si ajabu mtoto akakulia Mtopanga mpaka akaoa, na asijue kilichoko chini ya maji aliyojifunzia kuogelea.

Likoni nako ni yayo hayo. Anayevuka kwa miguu halipi feri. Akishuka ng'ambo anaweza kutembea mpaka Ngomeni, akafika mbele ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Hapo mlangoni ndipo baba wa watoto wanne anapohesabu vichwa, akahesabu na nauli ya kurudi, kisha akawapiga watoto picha nje ya ukuta.

Ombi la barua hii ni moja: maktaba za umma Mombasa ziazimishe pasi za kuingilia sehemu hizi kama zinavyoazimisha vitabu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwenye kadi ya maktaba anaandikisha jina, anapewa pasi ya familia kwa siku tatu, anaitumia, anairudisha. Akichelewa, anatozwa faini ile ile ya kitabu. Jimbo la California, Marekani, lilianza mpango wa namna hii mwaka 2022, na msomaji huko huazima pasi ya gari la familia kuingia mbuga za jimbo. Colorado kuna la ziada: pasi hutolewa ndani ya mkoba wenye darubini na miongozo ya kutambua wanyama. Huko Toronto, Kanada, maktaba hutoa pasi za makavazi.

Mtu atasema hayo ni ya nchi tajiri. Lakini mwaka 1903, zamani kabla ya uhuru, Mombasa ilipata maktaba ya Seif bin Salim, na ukumbi wake wa kusomea ulikuwa wa bure. Mwaka 1996 KNLS ilipoona vitabu haviwafikii wafugaji wa kaskazini mashariki, iliwapakia ngamia masanduku ya vitabu. Taasisi iliyomfanya ngamia kuwa mkutubi haitashindwa na kipande cha kadi.

Sheria nayo haipingi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja maktaba, makavazi, mbuga za kaunti na fuo katika fungu moja la majukumu ya kaunti. Fort Jesus na hifadhi ya bahari ni za taasisi za kitaifa, kwa hiyo kaunti haiwezi kufungua milango hiyo peke yake. Inachoweza ni kuwaita wenyewe mezani na kutia saini nao mkataba.

KWS na Makavazi wana haki ya kuuliza kuhusu mapato, maana fedha za mlangoni husaidia kulipa askari na kukarabati kuta. Jibu ni kuanza kidogo: pasi 20 kwa mwaka mmoja, zitumike siku za kazi na likizo za shule. Pasi inamlenga yule ambaye leo hanunui tiketi kabisa, kwa hiyo anachokosa mwenye mlango ni kidogo. Kwa hifadhi ya bahari, zitolewe zaidi wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na maji maangavu. Wakati wa kusi mawimbi huwa makali, na pasi ingeishia kabatini.

Nauli pia ihesabiwe. Mbuga ya Shimba Hills, makao ya mwisho ya palahala nchini Kenya, iko Kwale, na kutoka Likoni matatu zipo. Lakini mbuga yenye ndovu haitembelewi kwa miguu. Pasi bila gari itamfikisha mtu getini tu. Kwa hiyo Fort Jesus itangulie, ifuatwe na hifadhi ya bahari kwa makubaliano na wenye mashua. Shimba Hills ingoje mpaka lipatikane basi.

Kuna pia Haller Park, Bamburi, ambayo ni mali ya kampuni na itahitaji mazungumzo yake. Lilikuwa shimo la machimbo ya saruji, likaanza kupandwa mivinje mwaka 1971, leo ni msitu. Huko ndiko alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mzee aitwaye Mzee kama anayemfuata mama yake. Kisa hicho kilitolewa kitabu mwaka 2006, Paula Kahumbu akiwa mmoja wa waandishi. Mtoto wa Kisauni angeazima kitabu na pasi siku moja, asome usiku, aende kesho yake.

Ila pasi zisifungiwe kisiwani. Maktaba ya KNLS iko barabara ya Msanifu Kombo: wa Likoni huifikia kwa feri, wa Kisauni kwa Daraja la Nyali, wa Changamwe kwa Makupa. Kila mmoja huvuka maji kufuata kadi, na atavuka tena kuirudisha. Kila upande wa bara upewe dawati lake, hata kama ni meza moja katika ofisi ya wadi, yenye daftari na mkutubi wa kuja Jumatano na Jumamosi.

Serikali ya Kaunti inaombwa kujibu hadharani mambo matatu: ni ofisi gani itakayobeba mpango huu, mazungumzo na KWS na Makavazi yataanza lini, na meza ya kwanza itawekwa wapi. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kaskazi itakuwa imeanza kuvuma, na watoto watakuwa Pirates.

Wenu,
Mkaazi wa Likoni